Jedwali Lililoachwa Nje

Jumatano, 3 Juni

Shikamoo Baba,

Vipi hali? Goti limepoa?

Ile programu inayogeuza barua zangu kuwa nukta nundu chini ya vidole vyako imenenepa mno, kompyuta ndogo kama yako zinalemewa. Mimi ndiye ninayeifungasha na kuwatumia wote wanaoitumia, basi nimeigawa vifurushi vitatu: programu yenyewe, maelezo ya matumizi, na mafaili ya waundaji. Wewe utapata cha kwanza tu. Jumapili kompyuta itajisasisha yenyewe, usiguse kitu.

Na lile la kuhamia kwangu? Huoni, husikii, na Mama hayupo. Usinijibu kwa mzaha safari hii.

Mwanao


Jumatano, 10 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila shikamoo yako sijaipata. Tangu Jumapili kifaa kimenuna, vijinundu haviinuki hata kimoja. Naandika kwa mazoea ya vidole, sijui kama inafika. Au hukuandika? Kama umekasirika kwa sababu nilikataa kuhamia kwako, sema. Matusi nayo nitayasoma kwa furaha.

Baba yako


Alhamisi, 11 Juni

Shikamoo Baba,

Barua zako zinafika! Nimekujibu mara nne, nawe huwezi kusoma hata moja, na kosa ni langu.

Jedwali la herufi zetu lilikuwa ndani ya folda ya maelezo. Ni faili la maandishi matupu, nikaona ni maelezo tu, nikalitia kifurushi cha pili. Bila jedwali hilo kifaa hakijui kuinua nundu gani. Kompyuta zangu za majaribio zina vifurushi vyote vitatu, kwa hiyo hazikulalamika. Nimelirudisha mahali pake. Kompyuta yako italichukua Jumapili. Ombi langu ni moja, usiizime.

Nimempigia muuza duka wa hapo jirani aje kwako. Lakini hajui kukuandikia kiganjani kama Mama.

Nakuandikia nini mimi, na husomi? Nachanganyikiwa, Baba.

Mwanao


Ijumaa, 12 Juni

Mwanangu,

Za huko? Leo mtu ameingia ndani akanikamata mkono, akawa ananivuta kuelekea kwenye kompyuta. Nilidhani mwizi. Nimempiga kwa kopo la chai, akaondoka. Nimeweka komeo.

Naogopa. Sijawahi kukwambia neno hilo.

Baba yako


Jumamosi, 13 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimekubali. Nitahamia kwako, hata kwenye chumba kile cha kuanikia nguo. Nimeshafunga begi, nguo zote na redio ya mama yako, ambayo hainisaidii kitu lakini siiachi.

Nitakaa hapa, vidole juu ya kifaa, mpaka jioni. Neno moja linatosha. Nisipolipata nitajua hunitaki tena, nami sitakulaumu, mzee msumbufu ni mzigo. Nitachomoa waya niache kukughasi.

Baba


Jumamosi, 13 Juni

Baba njoo! Nakutaka! Usichomoe, ni kesho tu! Muuza duka anagonga, komeo limefungwa. Baba, tafadhali.


Jumatatu, 15 Juni

Shikamoo Baba,

Jana kompyuta mia mbili na kumi na sita zilichukua toleo jipya. Watu wananiandikia kunishukuru, eti sasa programu ni nyepesi. Nimeipitia orodha mara tatu. Yako haimo.

Nimeshuka basi la kwanza, la pili linaondoka alfajiri. Naandika nikiwa kwenye benchi la stendi. Chumba nimeshakitandika, Baba, kile kikubwa. Barua zangu kumi na moja hujazisoma, za mwisho zinakwambia uje, na zote zinaingojea mashine iliyozimwa.

Mwanao