Boila Yako Imewaka, Bosi

Bosi,

Nianze na ugomvi, salamu zitafuata. Mtu mzima, mkurugenzi wa michezo wa chuo kizima, anawezaje kuwaahidi wasichana wa timu ya kuogelea kwamba timu yao ipo na itaendelea kuwepo, halafu analala Jumapili na haamki? Uliwaahidi bila kuniambia mimi msaidizi wako. Nilijua wiki ile ya matanga, nahodha wao aliponisimamisha kwenye korido, macho yamemvimba, akaniuliza kama ahadi yako bado iko. Nikasema iko. Ningesema nini? Msichana analia, mimi nalia, boila imekufa, na wewe hupo.

Unajua hali uliyoiacha. Ile boila ya kupasha maji ya bwawa ilikuwa imetiwa viraka mpaka mafundi wakaanza kuionea haya. Yule bwana wa fedha, makamu wa rais wa chuo uliyekuwa ukisema anatabasamu kwa meno peke yake, aliniita ofisini kwake kabla hata maua ya ibada yako hayajanyauka. Akanipa pole. Akaniambia nitakaimu kiti chako. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba bwawa linakula pesa na timu ya wasichana ina watu wachache mno, na kama ningekubali vyote viwili vifungwe mwisho wa mwaka wa masomo bila kelele, yeye hangeona ugumu wa kunithibitisha kwenye kiti.

Na kile kiti nilikitaka, Bosi, nisikudanganye. Miaka yote ni mimi niliyekukumbusha mikutano, niliyekutafutia miwani iliyokuwa kichwani mwako, niliyekaa mbele ya makocha wenye hasira huku wewe umejificha nyuma ukijitia uko kwenye simu. Nilikuwa na haki ya kukitaka.

Nikamjibu kwa maneno yako mwenyewe. Ulizoea kuniambia, "Sisi hatuuzi tiketi, Kemunto. Sisi tunajaza vitanda vya bweni." Nikamweleza kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kusikia: chuo chetu hakimlipii mtu masomo kwa sababu ya michezo, kila msichana anayekuja hapa kuogelea analipa ada, chakula na kitanda, na ukimfungia bwawa ataibeba ada yake aende chuo kingine. Akasikiliza, akatabasamu. Akasema basi nitafute wafadhili wa kulipia nusu ya boila mpya kufikia mwisho wa Mei, chuo kitatoa nusu nyingine. Alikuwa na hakika sitaipata.

Nilizunguka, Bosi. Kule mjini Plymouth nilikaa kwenye ofisi za vioo na wazee waliocheza magongo ya barafuni hapa chuoni enzi zao. Wote walikusifu. Lakini kila mmoja alitaka jina lake lionekane: kwenye ubao wa matokeo, kwenye viti vya mbele, kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Sijakutana na binadamu anayetaka jina lake kwenye boila. Boila iko chini ya jengo, haipigwi picha, haipigiwi makofi. Mmoja aliniuliza kama tunaweza kuihamishia juu, karibu na lango. Nilirudi kwenye gari nikacheka peke yangu, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, mlinzi wa maegesho akaja kugonga kioo kuuliza kama niko sawa.

Sasa watu wetu, hawa tuliotoka nao nyumbani tukaja huku ughaibuni. Hapa ndipo ninapochemka.

Unakumbuka tukirudi kutoka mashindano ya Duluth, theluji inatupiga kioo, ukaniambia siku ukifa usisafirishwe kurudishwa nyumbani? Ulisema uzikwe hapa hapa, na mchango wa mazishi uingie kwenye boila. Ulicheka, nami nikacheka, lakini nilikujua, ulikuwa unasema kweli. Basi kwenye mkutano wa kamati ya mazishi, kule kitongoji cha Crystal, nikajikaza kisabuni nikasimama na kuyasema maneno hayo. Mwenyekiti, mzee wa kanisa anayekubalika na wote, akaniuliza kwa heshima zake, "Madam, na wewe ni nani wake?" Nikakaa chini. Mkeo, Mama Nekesa, alikuwa akitazama mikono yake. Ukasafirishwa hadi nyumbani Webuye kwa mchango uliojaa haraka hivi kwamba tuliombwa tuache kutuma, na mimi nikabaki jikoni kwa kanisa nikiosha sufuria za chai. Hao hao ndio tuliowaalika kila mwaka waje watazame hata mashindano mamoja, wakasema wako zamu.

Kamati ikafanya mkutano wa mwisho Maplewood, nyumbani kwa Sista Tabitha, yule nesi ambaye ni mweka hazina. Ulikuwa wa kushukuru, kufunga hesabu na kuvunja kamati. Nilikaa karibu na mlango nimebeba sahani ya chapati, nikiwa nimechoka na Plymouth, nimechoka na tabasamu, nimechoka na wewe. Mwenyekiti alipouliza kama kuna lingine, nikasema ndiyo, nina mgonjwa.

Unajua watu wetu wakisikia mgonjwa. Wote wakakaa sawa. Nikasema ni mgonjwa wa Bosi, amemuuguza miaka mingi, wanaomtibu wamenyoosha mikono, na sasa anahitaji operesheni kabla ya Mei, nusu ya gharama imeshapatikana. Sista Tabitha akafungua simu tayari kuanzisha grupu la mchango. Mwenyekiti akatoa kalamu. "Jina la mgonjwa?"

Nikasema boila.

Hakuna aliyecheka. Wewe ungecheka mpaka uanguke, lakini hao hakuna hata mmoja. Sista Tabitha akarudisha simu mezani taratibu. "Kemunto, hii ni kamati ya funeral. Sisi hatu-fix boila." Na hapo, Bosi, adabu yote niliyofundishwa na mama yangu ikaniponyoka. Nikawaambia wanajua kuchangia maiti peke yake. Nikawaambia uliwaomba ukiwa unatembea kwa miguu yako miwili na hawakutoa, kisha ulipolala kwenye sanduku wakatoa mpaka wakazuiwa. Nilipandisha sauti mbele ya wazee, nimeshika sahani ya chapati.

Aliyeniokoa ni mkeo. Hajawahi kusema neno mkutanoni tangu niwajue. Akasema, "Baba Nekesa alitaka azikwe hapa. Kemunto hakusema uongo. Mimi ndio nilikataa. Siku nikirudi nyumbani, ningemwachia nani huku kwa baridi?" Akavuta mkoba mapajani. "Lakini hiyo boila sijaikataa." Akafungua mkoba akaweka bahasha mezani. Sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba naye alikuwa amebeba maneno yako yale, na kwamba alikuwa na sababu yake. Nilimwonea hasira miezi yote ile bure.

Baada ya hapo walishindana kutoa. Kamati haikuvunjwa. Ila Sista Tabitha ana sharti, na unamjua akishika sharti. Watoto wetu wanakulia katikati ya maziwa, kila mtaa na ziwa lake, na hawajui kuogelea, kila kiangazi yeye hulala roho mkononi, kwa hivyo tukilipa, Jumamosi asubuhi bwawa ni la watoto wetu na wasichana wa timu ndio walimu. Nikakubali papo hapo bila kumuuliza mtu yeyote. Naona kuahidi kwako kulikuwa ugonjwa wa kuambukiza.

Hundi ilipofika chuoni imeandikwa jina la kamati ya mazishi, ofisi ya wafadhili ilinipigia simu kuuliza nani amekufa. Nikawaambia mnamjua. Wakaniuliza hao wafadhili wangependa majina yao yaandikwe wapi. Nikawauliza wanakamati, wakasema waandikiwe watoto wao kwenye orodha ya Jumamosi, hayo mengine hayawahusu. Bwana wa fedha alitoa nusu yake shingo upande, na mafundi wakaja majira ya joto.

Kiti wamempa kijana kutoka jimbo jirani la Iowa. Bwana wa fedha alinieleza kwamba mimi ni mchapakazi, lakini hanioni kama mtu anayeweza kushirikiana na wenzake. Nimerudi kwenye meza yangu ya zamani. Kijana mwenyewe si mbaya. Nimemwonyesha maegesho, nimemwonyesha mashine ya kahawa inayotaka kupigwa ubavuni. Ananiita kwa jina langu la mwisho na analikosea kila siku. Na timu imepewa msimu mmoja ijaze nafasi, la sivyo tunarudi pale pale. Baada ya yote haya, msimu mmoja!

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye benchi la bwawani nikatazama. Nahodha alikuwa ndani ya maji na watoto wadogo. Sista Tabitha, ametoka zamu, alikuwa ukingoni akiwafokea kwa Kiswahili, nao wanamjibu kwa Kiingereza. Mama Nekesa naye aliingia. Alishika ukingo kwa mikono yote miwili, mtoto mmoja yuko karibu naye anamwambia, "Just let go, Auntie." Hakuachia. Lakini alikaa humo mpaka kipindi kikaisha, na alipotoka aliniambia maji yana joto zuri.

Sijui kwa nini hilo ndilo lililonivunja. Nilikwenda ofisini kwako kukuambia, nikafungua mlango, kijana wa Iowa akainua kichwa. Hakuna tena wa kusengenya naye kwa Kiswahili mlango ukiwa wazi, Bosi. Nashinda siku nzima jengoni na Kiswahili changu kimefungwa mdomoni, mpaka nifike kwenye gari. Nakuonea hasira, na hasira hiyo ndiyo inayoniamsha asubuhi, kwa sababu ikiisha sijui nitabaki na nini.

Salamu sasa. Lusike, bintiyo mdogo, amerudi masomoni. Mkeo anakula vizuri. Kaburi limejengewa, tumeletewa picha, kumepandwa maua mekundu ambayo ungeyalalamikia.

Pumzika, ndugu yangu. Nitazunguka shule za sekondari za miji hii miwili pacha nikitafuta waogeleaji, nitakaa sebuleni kwa wazazi nisiowajua, nitakunywa kahawa yao isiyo na maziwa na kuwaambia chuo chetu ni kama familia. Nakuahidi msimu mmoja. Kama ulitaka zaidi ya hapo, ungekaa.

Kemunto