Kadi Niliyoitoa

Mjukuu wangu Neema,

Huku kwetu Izia, Sumbawanga, baridi imetukaba, ila tu wazima, na mama yako ameshavuna maharage. Unauliza, mzazi akija hapo maktabani unakofanya kazi kutaka kujua mwanawe anaazima nini, umwonyeshe?

Nilipokuwa mkutubi hapa Sumbawanga, baba mmoja alisimama mezani kwangu. "Nipe kadi ya binti yangu."

Binti alikuwa nyuma ya rafu, ananitikisia kichwa. Nikamwogopa yule baba, nikaitoa. Akasoma humo jina la kitabu alichoazima binti, kile kinachowaeleza wasichana habari za kuvunja ungo. Akamshika binti mkono wakaondoka.

Binti hakurudi tena. Kitabu alikileta baba, ukurasa aliofikia binti ukiwa bado umekunjwa. Mpaka nastaafu sikuukunjua.

Ni mimi, bibi yako.