Binti wa Tuoni na Nguo Yangu Nyeusi

Bluff, Durban
Tarehe 9 Juni

Yaya Henriette mpenzi,

Dada yangu mkubwa, pokea salamu za mdogo wako Mireille. Mgongo wako unaendeleaje? Na watoto hapo Uvira, bado wanakusumbua na shule? Mimi mwili ni mzima, Mungu asifiwe, lakini moyo bado unanidunda, ndiyo maana nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu.

Unamkumbuka Mzee Veikko, yule baharia Mfini ninayemtunza mwaka wa tatu sasa. Niliporudi kazini kutoka msiba wa mama, nikiwa na nguo yangu nyeusi ya msiba, nilianza kwa kufua mashuka yake uani. Akaniona kupitia dirishani. Yaya, alipiga ukelele! Nilipompelekea chai akaziba mdomo kwa mikono miwili. Maji hakutaka, mchuzi hakutaka, siku mbili nzima. Muuguzi naye alijaribu akashindwa, akasema kesho yake angempeleka hospitali, na kwa umri ule hakudhani angerudi.

Nilikasirika, sikufichi. Nilidhani ni mambo ya rangi. Eish, miaka mitatu namwogesha, leo ndiyo ananiona mchafu?

Nikampigia simu binti yake, Kaarina, kule Ufini. Akaniuliza nimevaa nini, na nilikuwa nafanya nini baba yake aliponiona. Nilipomjibu akaanza kulia. Akasema Mzee alilelewa na bibi yake, na bibi alimsimulia habari za Tuonela, nchi ya wafu ya wahenga wao. Iko ng'ambo ya mto mweusi. Pale mtoni yuko binti wa Tuoni, bwana wa wafu: mwanamke mfupi, amevaa nyeusi, anafua nguo. Mgeni akifika kule hupewa kikombe chenye vyura na minyoo, na akinywa harudi tena kwa walio hai. Akili ya baba imechoka, akasema, lakini hilo hajalisahau.

Mungu wangu! Kumbe mimi, shemasi wa kanisa, ndiye mauti aliyekuja kumchukua!

Sasa Yaya, nisikilize kwanza. Tuliahidiana kaburini kwa mama kwamba nyeusi tutaivua pamoja mwaka ukitimia, na wewe mkubwa ndiye utakayenivua. Hata miezi mitatu haijafika. Nimeivua. Peke yangu, bafuni, bila sala, bila mtu wa ukoo. Nililia kuliko siku ya mazishi. Kisha nikavaa kitenge cha manjano, nikampelekea Mzee maji.

Akaniita Mireille, akauliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Akanywa glasi tatu.

Kama nimemkosea mama, niambie niombe radhi vipi. Ila nyeusi sitaivaa tena mbele ya Mzee, hata wewe ukinikataza kuja nyumbani.

Wabusu watoto. Wajomba usiwaambie kwanza.

Mdogo wako,
Mireille