Mninga Mmoja Shambani

Mwamkulu, Jumanne

Bado maneno ya Baba Kulwa yananikera. Mwaka juzi alifyeka pori lote kupanua shamba la mahindi, akaacha mninga mmoja katikati. "Bwana miti, huu nimekuachia wewe, uwe wa mbegu," aliniambia leo kwa fahari.

Nikashukuru. Nikamsifu pia, nisimvunje moyo. Mninga nao unataka mwenzake ili uzae, na wa karibu zaidi uliobaki uko mbali ng'ambo ya mashamba, nyuki wanaobeba chavua hawafiki.

Nimepasua maganda yake jioni hii. Mengi ni matupu. Yenye mbegu ni machache, na humo mti umejioa wenyewe kwa chavua yake. Miche ya namna hiyo mwaka jana ilinyauka yote kitaluni.

Majirani zake wamesikia nilivyomsifu. Kesho nao wanaanza kufyeka, na kila mmoja ameahidi kuniachia mninga mmoja.