Sista Anauliza Moshi

Jumatatu, 8 Septemba
Nimemaliza mapema kuandika ankara za sufuria dukani. Soko la Kikuubo joto, wapagazi wanagombana ngazini, mimi nimekalia ubavu mmoja. Papai, sanamaki, dawa ya maji: hakuna kilichofungua choo. Bosi anasema nimevimba uso. Si uso. Jioni daktari wa upasuaji amenionyesha picha. Utumbo mpana mrefu kupita kiasi, umelegea, hausukumi tena. Atakata kipande, aunge. Nimekubali. Nimetia sahihi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimelazwa. Dada Eunice, aliyenitangulia kuja Kampala miaka mingi, amefunga kibanda chake cha chipsi Kabalagala na kuja na blanketi. "Tangu utoto we bahili. Hata choo unaweka akiba." Sikucheka. Naogopa kufa. Naogopa zaidi kiungo, pale utumbo utakapoungwa, kisishike, nifunguliwe mara ya pili.

Alhamisi, 11 Septemba
Jana kisu. Nipo. Kidonda kinawaka. Sili, sinywi, maji yanaingia kwa mshipa.

Ijumaa, 12 Septemba
Sista wa asubuhi ni Mganda, Kiswahili anakitafuta. "Moshi imetoka?" Nikamwambia sivuti. Akanitazama, akaandika, akaenda. Pengine mapafu. Nimejilaumu kutwa kwa sigara moja ya chuoni. Alasiri tumbo likanguruma, upepo ukaniponyoka chini ya blanketi. Aibu. Mzee wa kitanda cha jirani alikohoa. Nikajifanya nimelala.

Jumamosi, 13 Septemba
"Moshi?" Hapana, Sista. Baadaye daktari amepita, akasoma alichoandika sista. Anasema utumbo bado umelala, labda kiungo kina tatizo. Kesho picha. Ikionyesha vibaya, watanifungua tena.
Siwezi kurudi mle. Siwezi.
Na upepo haukomi. Naubana mpaka jasho linanitoka. Wodi imejaa watu wa heshima.

Jumapili, 14 Septemba
Nimeamka nikisubiri picha. Dada alifika kutoka kanisani akamkuta sista kitandani kwangu na swali lake. Nikajibu tena, kwa upole, kwamba sijawahi kuwa mvutaji. Dada akashika ukuta kwa kicheko.
"Mjinga wee. Kwa Kiganda omukka ni moshi, na ushuzi pia ni omukka. Anakuuliza kama umejamba."
Nikasema: tangu juzi.
"Ssebo, bwana, tangu juzi? Na unanyamaza?" Sista alikuwa karibu kunipiga.
Mzee wa jirani akainua mkono. "Mimi shahidi. Nimeteseka sana."
Daktari akaitwa. Akalibonyeza tumbo, akaweka sikio la chuma, akatabasamu. Utumbo uko macho. Kiungo kimeshika. Hakuna picha, hakuna kisu. Kumbe alikuwa akisubiri hicho hicho nilichokuwa nakificha.
Nimelia mbele ya wodi nzima. Halafu nimepewa uji mwepesi, vijiko vichache. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo.
Dada amesema atawasimulia nyumbani. Awasimulie.

Jumatano, 17 Septemba
Asubuhi nimepata choo. Bila dawa, bila kujikamua. Nimekwenda na kurudi kwa miguu yangu, mkono ukutani.
Sista hakuuliza. Alinisoma usoni, akaandika.
Nje mvua ndogo. Tumbo limetulia. Nimelala chali, kitu ambacho sikuweza kwa muda mrefu, na sifikirii chochote.