Nimemtoa Kioko Mlangoni

Jumamosi. Theluji imeanza kuyeyuka hapa Woodbury, huku ughaibuni, na kila mahali ni tope. Jua limetoka, lakini ni la kutuonyesha tu, halimpashi mtu joto. Nimefua, nimechemsha githeri ya mahindi na maharagwe, nimepanga kabati ambalo halikuwa na shida yoyote. Sasa sina kazi nyingine ya kujifichia, kwa hivyo naandika.

Jumapili iliyopita nusura nifiwe na mume.

Kioko wangu ni muuguzi, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ni mtu wa kuomba msamaha hata kama ni wewe umemkanyaga. Kanisa letu liko mtaa wa Frogtown, na kuna siku jamaa fulani aliingia katikati ya ibada akipiga kelele, akavunja kioo cha mlango, watoto wakalia. Wazee wa kanisa wakakaa, wakaamua pawe na mtu mwenye silaha mlangoni, mtu mtulivu asiyepandwa na hasira. Jina la Kioko ndilo lililotajwa kwanza. Akaenda darasani, akafunzwa, akapewa kibali cha kubeba bastola chini ya koti. Kila kitu kwa sheria. Nami nilijivunia, sitadanganya. Nilikuwa natembea kanisani kama mke wa waziri.

Basi Jumapili tukitoka ibadani, mchana kweupe, taa za polisi zikatuwakia nyuma. Taa yetu moja ya nyuma ilikuwa imeungua. Kioko akasimamisha gari vizuri, akazima injini, akaweka mikono kwenye usukani kama alivyofunzwa. Binti yetu Mumbua alikuwa kiti cha nyuma na simu yake.

Afisa alikuwa kijana, mashavu mekundu kwa baridi. Kioko akamwambia mapema, kwa sauti ya kanisani, kwamba ana kibali cha kubeba silaha na bastola iko kiunoni upande wa kulia. Sheria ya hapa haimlazimishi kusema mpaka aulizwe, lakini mwalimu wake alimwambia kusema ni heshima. Na Kioko ukimwambia jambo ni heshima, umemmaliza.

Afisa akasema sawa, usiiguse. Kisha akasema, nipe leseni.

Jamani, leseni iko kwenye pochi, na pochi iko mfuko wa nyuma, upande huo huo wa kulia. Apeleke mkono, asipeleke?

Na hapo ndipo Kioko alipofanya kitu ambacho ni mtu wa kwetu tu angefanya. Kwao Machakos alilelewa hivi: ukizungumza na mkubwa, kofia inatoka kichwani, na akikuomba kitu, mikono inafanya haraka, kwa sababu kumsubirisha ni dharau. Polisi akikusimamisha kule unashuka kabisa, unamfuata, habari ya kazi afande. Hiyo ndiyo adabu anayoijua. Basi mkono wake wa kulia ukaondoka kwenye usukani kwenda kuvua kofia.

Sikuwahi kuona bastola ikitolewa haraka namna ile. Ilikuwa dirishani, inamtazama mume wangu shingoni, na kijana anapiga kelele mikono, mikono, usisonge! Kioko amebaki na kofia hewani. Kiingereza chote cha miaka yote kikampotea. Alikuwa anasema kwa Kiswahili, "Pole afande. Pole sana. Pole." Mumbua akapiga yowe kwa Kiingereza kwamba ni kofia, ni kofia tu, baba yangu anavua kofia. Mimi? Mimi nilikojoa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kusema.

Haikufyatuka. Afisa mwenzake akashuka, wakamtoa Kioko, wakaichukua bastola, wakakagua kibali, kila kitu kikaonekana kiko sawa. Afisa akatuonya kuhusu taa ya nyuma. Kisha akamwambia Kioko, "Ulifanya vizuri kuniambia." Akaturudishia silaha na kututakia siku njema. Alipogeuka aliangusha kalamu, akaiacha topeni, akaenda karibu mbio.

Hilo ndilo linalonitesa. Kama angekuwa na roho mbaya ningemlaani, nilale. Lakini alikuwa anaogopa. Kioko alikuwa anaonyesha heshima. Wote wawili walifanya walichofunzwa, na bado ilibaki kidole kimoja tu kati yangu na ujane.

Nyumbani Kioko akala, akaosha sahani yake. "Imeisha, Mama Mumbua. Tumefika." Basi. Kesho yake nilimkuta gereji ya nyumbani, ameketi ndani ya gari, mikono kwenye usukani, peke yake. Nilimuuliza ataacha kubeba? Akasema watu wa kanisa wanamtegemea, na tena, "Ni bastola waliyoiogopa, au ni mimi? Nikiiacha, mimi nitajiacha wapi?" Nikaenda kukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

Jumatano, Kioko akiwa kazini, nilimpigia mzee wa kanisa anayepanga zamu za mlangoni. Nikamwambia Kioko amebadilishiwa zamu za kazi, hataweza tena mlango. Uongo mtupu. Sikumweleza yaliyotupata. Niliona haya, na niliogopa atanibembeleza. Lakini wapi, hata hakuuliza mara mbili. Akasema hakuna shida, Mungu atatupatia mwingine.

Nililala usingizi mzuri siku hiyo. Hilo nalo liandikwe.

Leo mchana simu ikalia. Mama Furaha, yule dada Mkongomani tunayeimba naye kwaya. Mumewe analinda ghala la mizigo, kwa hivyo kibali cha silaha alikuwa nacho tayari. Mtu mpole, Kiingereza chake ni cha kuokoteza, kikimwishia anarukia Kifaransa. Walitoka Kivu wakikimbia watu wenye bunduki, wakakaa kambini miaka, ndipo wakaletwa hapa.

Mama Furaha alikuwa anacheka na kulia. "Dada yangu, Mungu ni mukubwa! Wameona bwana yangu ni mutu wa confiance, mutu wa kuaminiwa. Wamemupatia mulango!" Akaniambia wamenunua suti. Akaniambia tangu wafike nchi hii hakuna mtu aliyewahi kumwamini mumewe na kitu kikubwa, na jana usiku alishindwa kulala kwa furaha.

Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia, haki ya Mungu nilitaka. Kataeni. Mwambie akatae. Lakini ingebidi nimwambie pia kwamba ni mimi niliyeacha ile nafasi wazi, na kwa nini. Na huyo mzee wa kanisa angerudi kwa nani? Kwa Kioko.

Kisha akaniuliza kama Kioko anaweza kukaa na mumewe, amfundishe namna ya kuongea na polisi akisimamishwa barabarani, kwa sababu Kioko ni mzoefu.

Nikasema ndiyo, atamfundisha.

Atamfundisha nini? Nimeipitia Jumapili ile kila siku, neno kwa neno, na sioni Kioko angefanya nini isipokuwa kuzaliwa mtu mwingine. Na bado hajui kwamba nimemtoa. Atajua kesho akifika pale mlangoni na kumkuta mwenzake amesimama ndani ya suti mpya.

Kesho Furaha atapanda gari na mama yake na baba yake, waende kanisani, halafu warudi nyumbani.

Kabla ya kukata simu nilimwambia Mama Furaha hongera.