Babu, Nyutrino Zimemshinda Mjomba

Babu, mume wangu mpendwa,

Shikamoo. Ulikuwa ukiniita mke wako mdogo, Bibi akicheka, lakini shikamoo yako hukuniachia hata siku moja.

Unakumbuka uani kwetu Chanzuru, likizo yangu ya kwanza ya chuo kikuu? Enzi za ruksa, kila mtu anafanya biashara, na Mjomba, mwanao, kafungua duka Mikumi. Akataka niache masomo nikamuuzie. Nikawaeleza kuwa nasoma nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya dunia na kutokea upande wa pili karibu bila kugusa kitu.

"Bila hodi?" ukashangaa. "Mgeni gani huyo asiye na adabu?"

Nilicheka mpaka machozi. Nikasema huenda humo ndani zinaguswa kwa nguvu tusiyoijua, inayobebwa na chembe mpya ambazo hakuna aliyewahi kuziona.

Mjomba akasonya. "Chembe za kufikirika! Akifeli je?"

"Akifeli, nitakuja mwenyewe kukufagilia duka."

Wee Babu! Mzee mzima ukajiweka rehani kwa mwanao, kwa ajili yangu. Ukafariki kabla sijamaliza, na msibani Mjomba akaniambia duka bado linanisubiri. Iliniuma sana.

Juzi nilisimama mbele ya maprofesa kutetea tasnifu yangu. Mmoja akanibana: chembe hizo hazionekani, utajuaje zipo? Nyutrino zina aina tatu, nikamwambia, na hubadilika aina zikiwa safarini. Nimepiga hesabu ya mabadiliko ya kawaida. Zikipita kwenye kiini cha dunia na kutokea upande wa pili na mchanganyiko tofauti na huo, tutashuku kuna kitu kipya kimezigusa. Usipotofautiana, basi tumejua kwamba chembe hizo, kama zipo, nguvu zake ni ndogo mno. Wakanitoa nje, wakaniita tena, wakanipa mkono. Nimefaulu, Babu! Nimefaulu!

Treni ilipofika Kilosa, Bibi alipiga vigelegele abiria wakachungulia madirishani. "Mke mwenzangu huyo! Mnamwona?" Nikamkumbatia, tukalia na kucheka kama wendawazimu. Mjomba alisimama pembeni, mikono mfukoni. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akatazama chini kidogo, kisha akatabasamu.

"Mwambie mzee amenishinda."

Ndiyo nakuandikia. Umemshinda, Babu.

Lala salama, mume wangu,

Mkeo mdogo, mjukuu wako